Hatua 24: siku sita kando ya mto Zigi

Siku ya kwanza, Jumamosi

Mjomba alipiga simu Alhamisi usiku. Hakuuliza watoto wala biashara. "Njoo na viroba," akasema, "vingi uwezavyo. Na shazia usisahau." Nilipotaka kuuliza vya nini, salio lake likaisha.

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kipo Ngamiani, Tanga mjini. Viroba kwangu si tabu: muuza unga wa jirani huniwekea, na kijana wa duka la vifaa vya ujenzi hunipa vya saruji vilivyopasuka mdomo. Kufikia Ijumaa magharibi nilikuwa navyo 53. Nikavifunga robota moja, nikatia shazia mbili, zile sindano kubwa za kushonea magunia, na kibunda cha kamba ya katani. Tanga hii mtu akikosa katani kajinyima mwenyewe.

Mpaka Muheza ni kilomita kama 35, lakini konda alilihesabu robota langu kama abiria mwenye makalio. Tukabishana hadi Pongwe, nikamlipa nusu. Stendi ya Muheza nikanunua wavu wa machungwa, nikijua kabisa ninakokwenda kuna michungwa. Mgeni haingii na mikono mitupu.

Basi la Amani liliondoka alasiri limejaa mabati, vifaranga na wanafunzi. Nilishuka kabla ya lango la Zigi, pale penye nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani. Reli ilikufa zamani, nyumba imebaki inapokea wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani. Bodaboda akanifikisha kwa mjomba giza likiingia. Mto sikuuona, niliusikia tu, nikashangaa sauti yake imesogea. Nilipokuwa mdogo tulilala hatuisikii.

Siku ya pili, Jumapili

"Onga makeo," shangazi aliniamsha kwa salamu ya asubuhi, chai ya mdalasini mkononi. Mjomba alikuwa ameshatoka. Nikamkuta chini ya mwembe mkubwa, mgongo ameuegemeza shinani, anajiandaa kama mtu anayetaka kupiga mwayo wa mwisho kabla ya swala. Kisha akaanza kutembea kuelekea mtoni akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu. Alipofika 24 alisimama, kwa sababu hatua ya 25 ilikuwa hewani.

Huhesabu kila Idd Mosi, akirudi msikitini, na kanzu yake. Mwaka ambao mama yangu aliolewa ilikuwa 61. Hana daftari, ila ukimuuliza mwaka wowote anakutajia, kama wengine wanavyotaja bei ya karafuu.

Tukalala kifudifudi ukingoni tuchungulie. Naomba niueleze ukingo huu, maana bila kuuona mtu hataelewa kazi ya kesho yake. Urefu wake ni mtu na nusu, umesimama wima kama ukuta. Juu kabisa kuna udongo mweusi kina cha mkono hadi kiwiko. Chini yake udongo mwekundu, mgumu, unaoshikana. Na chini ya mwekundu, pale maji yanapogusa, kuna mchanga na kokoto, vimelala tu bila chochote cha kuvifunga. Mto hauna haja ya kuhangaika na mwekundu. Unalamba mchanga wa chini, kidogo kidogo, mpaka mwekundu unabaki umening'inia kama kibaraza kisicho na nguzo. Siku moja unakatika wote, na mweusi wake, na mahindi yake.

Mjomba akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua: ukingo haudondoki sana maji yakiwa juu. Maji yakijaa yanausukuma na kuushikilia. Hudondoka mafuriko yakipungua, kesho yake au keshokutwa, udongo umelowa na kuwa mzito na yale maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameondoka. Ndiyo maana watu hufurahi mvua imekatika, wanalala, na usiku wanasikia shamba linaingia mtoni.

Mchungwa mmoja ulikuwa bado umening'inia, nusu ya mizizi hewani, na umezaa. Watoto wa ng'ambo huyatungua machungwa yake kwa upondo wakiwa kwenye fungu la mchanga la upande wao. Mjomba hawafukuzi. "Ya mto hayo," anasema.

Nikamuuliza ilianzaje. Nilidhani atanitajia watu wa juu: waliofyeka chini ya kivuli cha msitu kwa ajili ya iliki, au wachimbaji wa dhahabu waliovamia vijito vya Amani mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuugeuza mto uji wa ulezi. Aliwataja, ila mwishoni. Kwanza alinionyesha mahali katikati ya maji. "Pale palikuwa na mkuyu. Niliukata mimi, kwa shoka la baba yangu, mwaka uliofuata Elinino. Ulikuwa unatia mahindi kivuli, na ngedere walikuwa wanaufanya ngazi ya kuingilia shambani." Akanyamaza kidogo. "Ngedere bado wanakuja."

Hapa niseme la sheria, kwa kuwa kila anayekuja na gari huisema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ni sheria nzuri. Lakini ekari ya mkulima wa kwetu hupimwa hatua 70 kwa 70. Mwenye ekari moja iliyopakana na mto akiziacha mita 60, anabakiwa na uchochoro. Zaidi ya hapo, mita hizo ndizo zenye udongo mweusi, ndizo zinazolimika hata kiangazi. Sijaona bado ofisa aliyeisema sheria hii akiwa ameshika jembe. Wanakijiji wenyewe wamekubaliana kitu cha katikati: kando ya mto pasilimwe mahindi wala nyanya, pakae majani na miti ya kudumu, mtu avune matunda na majani ya ng'ombe bila kutifua. Wengine wanafuata. Wengine wanafuata mpaka bei ya nyanya ipande.

Jioni nilikaa na shangazi kuchambua maharage ya kesho. Kwenye pembe ya ndoo ya maji palikuwa na kipande cha shabu kimefungwa uzi, kile kile cha utotoni: unakizungusha majini, unaacha, tope linashuka. Zigi hii inatoka misitu ya Usambara Mashariki, inakutana na Kihuhwi, inafika bwawa la Mabayani, na kutoka hapo ndipo Tanga mjini tunakunywa. Mitambo ya maji nayo hutumia dawa ya jamii hiyo hiyo ya shabu. Tope likizidi mtoni, dawa inazidi, na gharama inazidi. Kwa hiyo shamba la mjomba na ndoo yangu ya Ngamiani ni ndugu wa siku nyingi, ila hawakuwa wametambulishwa.

Siku ya tatu, Jumatatu

Mbiu ilipigwa alfajiri. Msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Saa moja watu walikuwa kama 40, wanawake wengi kuliko wanaume, na mwenyekiti wa kitongoji amevaa buti ambazo baada ya nusu saa alizivua kwa sababu zilijaa maji.

Kazi ya kwanza iliniuma mimi ambaye si mwenye shamba. Kulaza ukingo. Ukuta wima haushiki mmea, lazima ukatwe uwe mteremko mtu anaoweza kuupanda bila kushika kitu. Maana yake ni kwamba mjomba, aliyepokonywa na mto hatua 37, alitakiwa atoe tatu nyingine kwa hiari yake. Vijana walisimama na majembe wakimsubiri. Alichukua sururu yeye mwenyewe akapiga la kwanza, pale pale alipoishia kuhesabu jana. Mchungwa ule ukateremka taratibu na machungwa yake. Shangazi akaingia majini na kanga kiunoni akaokota yote.

Udongo uliokatwa haukutupwa mtoni, tulijazia viroba. Hapo ndipo ufundi wangu ulipohitajika. Kijana anajaza robo tatu, si zaidi, maana kiroba kilichojaa pomoni kinaviringika kama mpira, cha robo tatu kinalala na kumkumbatia mwenzake. Mimi nashona mdomo kwa shazia, mishono mirefu ya katani, nafunga fundo, nasogeza. Viroba 53. Vidole vyangu vimezoea sindano ndogo, jioni sikuweza kushika kijiko.

Chini kabisa, mguuni mwa ukingo, wanaume walipigilia nguzo za mkuyu mbichi, unene wa mkono, kwa nyundo ya gogo. Mbichi kwa makusudi: tawi la mkuyu likikaa penye unyevu linachipua, kwa hiyo nguzo ya leo ni mti wa kesho. Kati ya nguzo zikasukwa fito na mianzi iliyopasuliwa, ndani nje, ndani nje. Nyuma ya wigo vikalazwa viroba na matawi. Mzee mmoja alisema ni nyumba ya udongo tu hii: nguzo, fito, halafu mto ukandike wenyewe. Na kweli, maji yakipita kwenye fito yanapunguza mwendo na kuacha tope lake nyuma ya wigo.

Palizuka ubishi wa mianzi. Kijana aliyemaliza chuo cha kilimo alitaka mianzi juu ya ukingo mzima, inakua haraka na mtu anauza. Bibi mwenye kitalu, ambaye siku nzima sikumwona akikaa, akamwambia: "Mjukuu wangu, shamba la marehemu mume wangu lilikuwa na mianzi. Siku mguu ulipoliwa, kichaka chote kiliondoka mara moja, na ardhi ukubwa wa nyumba. Mianzi panda, lakini nyuma, si mdomoni." Nimefikiria sana maneno hayo tangu siku ile, na naona kwamba karibu miradi yote ya kupanda miti niliyowahi kuiona inapanda mdomoni. Watu wanakuja, wanapiga picha na mche juu ya ukingo, na chini mchanga unaendelea kulambwa.

Mchana ulikuwa wa vetiva, nyasi ndefu za kushikia udongo. Bibi alileta mashina kwenye tenga, kila shina nene kama fagio. Akaweka moja juu ya gogo, akalipasua kwa panga kama mtu anayepasua kuni, akakung'uta udongo, akachanachana kwa mikono mpaka kila kipande kikabaki na vichipukizi viwili vitatu. Majani akayakata yabaki urefu wa shubiri moja, mizizi akaipunguza iwe ya kidole. Kisha akavichovya kwenye ndoo ya uji wa tope na samadi mbichi ya ng'ombe.

"Usivipande kama maua," akaniambia, maana alishanitambua kuwa wa mjini. "Panda kama uzio." Nafasi kati ya kimoja na kingine ni upana wa kiganja, safu imefuata usawa wa mteremko, wala haikushuka nao. Majani yakikua yanabanana, maji ya mvua yanayotoka shambani yanagota hapo na kuacha udongo. Mizizi hushuka wima, mita mbili hadi tatu, haitambai kwenda kwenye mahindi ya mtu. Na ile aina inayopandwa haizai mbegu za kuota, haitakuja kuwa gugu. Hasara yake ni moja: kivuli. Mkuyu ukikua na kuifunika, vetiva inafifia. Bibi anajua. "Mpaka wakati huo mkuyu utakuwa na mizizi yake."

Viroba navyo vina muda wake. Jua likivipiga msimu mmoja vinakuwa unga. Mwenyekiti alilisema hilo kwa masikitiko, mimi nikamwelewa kirahisi: viroba ni bandi. Fundi hupiga bandi ili kitambaa kikae mahali pake wakati mshono wenyewe haujapita. Hakuna anayelilia bandi likifumuliwa.

Tulikula makande saa tisa, watu wameloa, kila mmoja na chungwa moja la ule mchungwa.

Siku ya nne, Jumanne

Mvua. Vuli imeingia bila hodi. Kutwa ndani, nashona shati la mjomba lililochanika kwapa. Usiku mto ukabadilika sauti, ukawa mzito kama lori linalopanda Amani. Mjomba hakulala. Mara tatu nilisikia mlango.

Siku ya tano, Jumatano

Mvua ilikatika alfajiri, na kwa somo lile la Jumapili hakuna aliyefurahi mapema. Tulikaa chini ya mwembe na kahawa, tukisubiri maji yashuke. Saa nne hivi tukasikia kishindo, kama gunia la mkaa limetupwa bwawani. Kisha kingine. Mjomba hakunyanyuka, alisikiliza tu. "Si kwetu," akasema. "Ni chini ya kwetu."

Alisema kweli. Wigo ulisimama. Nyuma yake palikuwa na tope laini la kahawia, limelala juu ya viroba kama siagi. Safu mbili za chini za vetiva zilikuwa zimelala kifudifudi ila bado zimeshika, nyingine hazikuguswa. Lakini kwenye ncha ya chini, pale tulipoishiwa nguzo saa kumi na moja Jumatatu na kila mtu akasema inatosha, maji yalizunguka nyuma ya wigo yakachimba. Viroba tisa vimekwenda. Kipande cha shamba la jirani, upana wa mkeka wa watu watatu, kimekwenda navyo.

Niliutazama ule mwisho nikaona aibu, kwa sababu hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anajua kwamba mshono usiofungwa mwisho hufumuka kuanzia mwisho. Ncha ya wigo ilitakiwa ipindishwe, iingie ndani ya ukingo, izikwe. Kijana wa chuo alikuwa amelisema Jumatatu. Tulikuwa tumechoka.

Jirani hakugomba. Waliogomba ni watu wa ng'ambo. Walikuja sita, wamezunguka darajani, wamevua viatu kwa heshima lakini nyuso hazikuwa za salamu. Baada ya shikamoo na marahaba, mkubwa wao akasema: "Mmeutupa mto kwetu." Kwamba wigo wetu umeingia mtoni, maji yamepigwa teke yakaenda kuchapa upande wao, chini ya kona.

Tulikwenda kuangalia. Nguzo nne zilikuwa kweli zimetokeza, mtu aliyezipigilia alifuata penye udongo laini. Zitarudishwa nyuma, hilo liliisha haraka. La mchanga halikuisha. Kwenye fungu lile la ng'ambo ndipo wanapochota mchanga wa kuuza, na mchanga ukitolewa sana mto unashuka kina, na mto ukishuka kina miguu ya kingo zote mbili inabaki wazi. Kijana wa chuo alilieleza vizuri. Mama mmoja wa ng'ambo akamjibu vizuri pia: "Mchanga ule ndio ada ya shule. Nipe kingine nikauze, niuache hata leo."

Mtu akataja kwamba wakulima wa Kihuhwi na Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaoshirikiana na mamlaka ya maji, na kuna waliopanda karafuu badala ya kufyeka. Mwingine akatoa simu akasoma kwamba mamlaka hiyo, Tanga UWASA, mwaka 2024 waliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za kukopa fedha za miradi ya mazingira, ya shilingi bilioni 53.12. Mzee yule wa nyumba ya udongo akauliza: "Humo mna fungu la viroba?" Watu wakacheka mpaka wa ng'ambo, na baada ya kicheko bibi wa kitalu akatumia nafasi: atawapa mashina ya vetiva bure, waje kuyachukua Ijumaa, na kila mmoja aje na mtu mmoja wa kurudishia nguzo. La mchanga litazungumzwa hiyo hiyo Ijumaa. Waliondoka na machungwa yangu ya Muheza.

Siku ya sita, Alhamisi

Nilirudi kwa kuufuata mto pale barabara inapouruhusu. Mashamba ya misaji ya Longuza, majani yake mapana yanadondosha matone makubwa hata mvua ikiwa imeshakatika. Halafu michungwa, halafu mkonge. Dereva wa lori la matunda alikubali kupitia upande wa Mabayani na kunisubiri dakika tano. Bwawa lilikuwa na rangi mbili: sehemu kubwa kijani, na kutoka mtoni ulimi mrefu wa kahawia unaoingia polepole, kingo zake zimechongoka kabisa, kama kitambaa kilichokatwa na kuachwa bila pindo. Nilijaribu kukadiria kati ya tope lile ni kiasi gani kilikuwa cha viroba vyangu tisa. Dereva akapiga honi.

Kinachopita bwawa hushuka mpaka ghuba ya Tanga, kwenye mikoko. Sikufika huko. Kazi ya watu ilikuwa inanisubiri, sare tatu za shule na gauni la harusi.

Ijumaa usiku, nikiwa kwenye cherehani, mjomba akapiga. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi, nikatambua kicheko cha yule mama wa ng'ambo. Nikamuuliza wamekuja wangapi, wamekubaliana nini na mchanga, nguzo zimerudi. Hakujibu hata moja.

"Ishirini na moja," akasema. "Nimehesabu mara mbili. Lete viroba ving—"

Salio.